Reli ya Mezani Ikigoma: Kutafuta Hitilafu za Umeme kwenye Mfumo wa DCC

Kwenye reli ya mezani, ile ya treni ndogo za mfano, inayoendeshwa kwa mfumo wa DCC (wa kuongoza treni kwa amri za kidijitali), umeme wa kuzungusha mota na amri za kukiongoza kichwa cha treni hupita kwenye reli zile zile mbili. Ndiyo maana hitilafu zake hupotosha watu. Gurudumu lisipogusana sawasawa na reli, kichwa kinaweza kusimama, lakini pia kinaweza kuzimazima taa, kuanza mlio wa injini upya, kutosikia amri, hata kukimbia bila kuagizwa. Mwenye reli akiyaona hayo anaamua kwamba dikoda, kile kisahani cha elektroniki kinachosoma amri ndani ya kichwa, imevurugika, anaanza kuingiza namba mpya kwenye CV, yaani nafasi za dikoda zinazohifadhi mipangilio yake. Jioni inaisha, uchafu bado uko pale pale juu ya reli, na mipangilio ya dikoda nayo imeshaharibika.

Kwa hiyo nasisitiza utaratibu huu kwa kila anayeniuliza: kagua umeme kwanza, kisha mguso wa magurudumu, na CV ziwe za mwisho. Nawaandikia hasa wenye treni za kipimo cha HO na OO, zile za njia ya upana wa milimita 16.5, ambazo ndizo nyingi Uingereza na Ulaya kwa jumla. Mwenye kipimo kingine atabadilisha namba chache tu.

Kinachopita relini, na vifaa vya kushika mkononi

Kwa HO na OO, busta, yaani kikuza umeme cha kituo cha amri (kifaa unachoongozea treni), hupeleka relini volti 14 au 15 hivi. Kipimo cha N, kilicho kidogo zaidi, huwa chini kidogo, treni za bustanini huwa juu zaidi. Umeme huo hugeuza mwelekeo maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ndio ujumbe wenyewe: nusu ya mgeuko ikichukua maikrosekunde 58 husomeka kama 1, ikichukua 100 au zaidi husomeka kama 0. Msingi wa mfumo huu ulitengenezwa na kampuni ya Bernd Lenz ya Ujerumani mwishoni mwa miaka ya 1980, na katika miaka ya 1990 chama cha wapenda reli za mfano cha Marekani, NMRA, kikaufanya kiwango cha wote. Faida yake kwa anayetafuta hitilafu ni kubwa. Kichwa chenye dikoda ya kampuni moja hutembea kwenye kituo cha amri cha kampuni nyingine, hivyo unaweza kuazima kichwa kizima cha mwenzako, au kupeleka chako kwake, na mara moja ukajua kama ugonjwa uko kwenye kichwa au kwenye njia.

Multimita ya bei ya kawaida inatosha, mradi ujue mipaka yake. Upande wake wa AC umetengenezwa kwa umeme wa nyumbani wa hezi 50 au 60, wakati umeme wa DCC hugeuka kwa hezi elfu kadhaa, tena kwa umbo la mraba. Namba utakayoisoma huenda isiwe volti halisi. Itumie kulinganisha: hapa inasoma ngapi, kule inasoma ngapi.

Kifaa cha pili ninachokithamini kuliko multimita ni taa ya breki ya gari, ya volti 12 na wati 21, iliyolehemiwa nyaya mbili. Hiyo huvuta karibu ampea 1.75, mzigo wa vichwa kadhaa vya kisasa kwa pamoja. Kupima volti bila mzigo kunadanganya sana. Waya ulioshikwa na uzi mmoja wa shaba utaonyesha volti kamili mpaka uudai kazi. Ongeza sarafu ya chuma, spiriti ya isopropili, kitambaa kisichoacha nyuzi, na kichwa kimoja unachokiamini.

Hakuna kinachowaka kabisa

Hili halihitaji maneno mengi. Chomoa nyaya mbili zinazokwenda relini na uwashe kituo peke yake. Kikiwaka vizuri, tatizo liko mezani. Kisipowaka, pima adapta kwenye ncha yake ya kutolea umeme. Isipotoa volti zilizoandikwa juu yake, ibadilishe. Adapta usiifungue, kwa sababu ndani mna umeme wa nyumbani.

Hapa kuna tahadhari kwa walioko Dar es Salaam, Nairobi au Mombasa wanaoagiza vifaa kutoka Marekani. Kule soketi ni volti 120. Adapta iliyoandikwa 120V pekee ukiichomeka kwenye volti 230 au 240 za nyumbani itaungua papo hapo, na inaweza kuondoka na kituo cha amri. Soma maandishi madogo ya nyuma. Ikiandikwa 100–240V, iko salama, unahitaji plagi tu.

Kituo kinakata umeme kila mara

Hii ndiyo hitilafu inayochosha watu kuliko zote, na ndiyo inayotatulika kwa uhakika zaidi ukifuata mpangilio. Kituo kinapokata ina maana kimeona mkondo mkubwa kuliko kiwango chake, na mara nyingi hiyo ni shoti: reli ya kushoto na ya kulia zimekutana mahali fulani.

Ondoa mezani vichwa vyote na mabehewa yote, hasa yenye taa na yenye magurudumu ya chuma. Angalia na vitu vilivyosahaulika. Bisibisi iliyolazwa juu ya njia ya ghala imewahi kuwahangaisha watu wenye uzoefu mkubwa. Ikiwa shoti imeondoka, rudisha treni moja moja mpaka umpate mwenye kosa.

Ikiwa bado ipo, gawanya meza. Tenganisha waya mkuu, ule unaotoka kituoni kuilisha meza nzima, katikati, halafu washa. Shoti ikibaki, iko upande uliounganishwa na kituo. Ikiondoka, iko upande uliokatwa. Gawanya tena nusu hiyo, kisha robo. Meza yenye vipande kumi na sita vya njia inahitaji migawanyo minne tu kufika kwenye kipande chenyewe, wakati kukagua kiungio kimoja baada ya kingine kunaweza kuchukua siku nzima. Meza ambayo haikujengwa kwa namna ya kugawanyika inastahili kufanyiwa kazi hiyo kabla ya kazi nyingine yoyote: weka viungio vya skrubu kwenye waya mkuu kila baada ya mita mbili tatu.

Ukishafika kwenye kipande, jiulize shoti inatokea lini.

Ikitokea pointi fulani (mahali njia moja inapogawanyika kuwa mbili) inapogeuzwa upande mmoja, shuku frogi, yaani kile kipande cha katikati ambapo reli mbili za ndani zinakutana kwa umbo la V. Frogi ya chuma inayopitisha umeme lazima ibadilishiwe umeme kila pointi inapogeuka, na reli mbili zinazotoka kwenye V hiyo lazima ziwe na viungio vya plastiki, vinginevyo umeme wa upande mwingine utaingia kwa nyuma. Kagua swichi inayobadilisha umeme wa frogi: nyaya zake mbili zikiwa zimepishana, pande zote mbili za pointi zitatoa shoti. Swichi ikichelewa kugeuka nyuma ya ulimi wa pointi, yaani reli yake inayosogea, utaona kituo kinakata kwa nukta moja kisha kinarudi.

Ikitokea msimu fulani tu, angalia mianya uliyokata kwenye reli. Mbao za meza hunywea hewa ikiwa kavu, na chuma cha reli hutanuka kwa joto, kwa hiyo mwanya mwembamba uliokatwa kwa msumeno unaweza kujifunga wenyewe. Kwa macho utauona kama mstari mwembamba na utadhani uko wazi, kumbe reli zinagusana chini. Pitisha karatasi. Isipopita, panua mwanya na ujaze kipande cha plastiki kwa gundi ya epoksi, kisha ukikwangue kifuate umbo la reli.

Ikitokea kichwa kinapopita juu ya pointi, na si kila kichwa, basi gurudumu linagusa reli mbili kwa wakati mmoja. Kwenye pointi zenye frogi ya plastiki, reli mbili za umeme tofauti hukaribiana sana mahali zinapoingia kwenye V, na gurudumu pana huzifunga pamoja. Namna ya kuthibitisha ni nzuri na rahisi: paka rangi ya kucha iliyo wazi juu ya reli hizo, milimita mbili au tatu tu kuanzia kwenye ncha, iache ikauke, pitisha kichwa. Shoti ikitoweka umeshampata. Rangi hiyo itaisha kwa msuguano, lakini imekuonyesha mahali. Kabla ya kulaumu pointi, pima pia nafasi kati ya migongo ya magurudumu ya kichwa hicho. Kwa OO inayotembea kwenye njia za kisasa, nafasi hiyo huwa karibu milimita 14.4 hadi 14.5. Gurudumu lililosogea ndani kwenye ekseli hugusa ulimi wa pointi kwa mgongo wake, na hiyo ni shoti kila linapopita.

Kuna na ile shoti inayotokea mahali ambapo hakuna pointi mbovu wala gurudumu lililosogea: njia inayozunguka na kurudi yenyewe. Weka kidole juu ya reli ya kulia, uifuate hadi mwisho wa mzunguko. Ukijikuta umerudi ulikotoka juu ya reli ya kushoto, una mzunguko wa kugeuzia, na hakuna ufundi wa nyaya za kawaida utakaouondolea shoti. Meza ya kugeuzia vichwa na njia ya pembetatu zina tabia hiyo hiyo. Wenye mfumo wa Märklin wa reli tatu hawalijui tatizo hili, kwa sababu reli zao mbili za pembeni hubeba umeme wa aina moja. Sisi wa reli mbili tunakata mianya kwenye reli zote mbili, katika kila ncha ya sehemu ya kugeuzia, mianya ikabiliane, kisha tunailisha sehemu hiyo kupitia kigeuza umeme cha kujiendesha. Kwenye DCC treni haisimami wakati wa kugeuzwa, kwa sababu mwelekeo wake hautegemei ni reli ipi ina umeme upi.

Kama kigeuza umeme kipo na kituo bado kinakata, chunguza mambo mawili. Kwanza, urefu: sehemu ya kugeuzia lazima iwe ndefu kuliko treni yako ndefu yenye magurudumu ya chuma. Gurudumu la mbele likifunga mwanya wa kutokea wakati la nyuma bado limefunga wa kuingilia, kigeuza umeme kinadaiwa mambo mawili yanayopingana. Pili, kiwango cha mkondo: kigeuza umeme lazima kishituke mapema kuliko kituo. Kituo cha ampea 2 na kigeuza umeme kilichowekwa ampea 4 havitaelewana hata siku moja.

Mwisho wa sehemu hii ni ukataji ambao si shoti. Washa meza yenye vichwa vingi vya mlio na kituo kikakata, kikajaribu, kikakata tena. Toa vichwa vitatu, kinakubali. Kila dikoda ya mlio ina kapasita, vihifadhi vidogo vya umeme, zinazotaka kujaa kwa mkupuo umeme unapowaka, na kumi zikijaa pamoja, kituo hudhani ni shoti. Dawa ni kuigawa meza katika kanda zinazowashwa kwa zamu, au kuweka swichi kwenye njia za kuegeshea ili vichwa vilivyolala visiwe na umeme.

Shoti ipo lakini kituo hakikati

Hii ni kinyume cha iliyotangulia, haina kelele, na ndiyo ninayoiogopa. Washa meza bila treni. Bonyeza sarafu juu ya reli zote mbili mbele ya kituo, kisha songa mbele, kipande kwa kipande, pande zote za kila pointi, hadi njia ya mwisho kabisa ya ghala. Kila mahali kituo lazima kikate papo hapo. Kisipokata, ondoa sarafu mara moja na uweke alama mahali hapo.

Sababu ni hesabu fupi. Kituo cha volti 14 kinachokata kwa ampea 5 kinahitaji ukinzani wa njia nzima, kwenda na kurudi, uwe chini ya omu 2.8. Tuseme kuna viungio vya reli vilivyolegea na waya mwembamba, jumla inafika omu 3. Shoti ikitokea, mkondo utakuwa ampea 4.67. Kituo kinaona ni mzigo wa kawaida, kinaendelea kusukuma, na wati 65 zinageuka joto kwenye viungio, kwenye nyaya na kwenye magurudumu ya behewa lililoanguka. Chuma cha kulehemu cha mezani mara nyingi ni cha wati 25 hadi 40. Plastiki ya behewa au ya vilalo vya njia haiwezi kustahimili hivyo.

Dawa yake ni nyaya nene na matawi mengi. Waya mkuu wa milimita za mraba 2.5, ule unaotumika kwenye soketi za nyumbani, una ukinzani wa karibu omu 0.007 kwa mita. Waya wa 0.5 una karibu omu 0.035, mara tano zaidi. Meza ikienda mita kumi, umeme husafiri ishirini: kwa ampea 3 utapoteza volti 0.4 kwenye waya mnene, na volti 2 nzima kwenye mwembamba. Matawi yanayopanda kwenda relini yanaweza kuwa ya 0.5 kwa sababu ni mafupi, yasizidi sentimita 30 hivi. Lehemu tawi kwenye kila kipande cha njia kama unaweza, na usikitegemee kiungio cha reli kupitisha umeme. Kiungio ni cha kunyoosha njia. Kikiwa kipya hupitisha vizuri, baada ya miaka michache kimeshika kutu ya kijivu ndani na kimelegea.

Ukiwa na waya mkuu mrefu sana, zungusha nyaya zake mbili pamoja, mizunguko michache kwa mita. Inapunguza ule mruko wa volti unaotokea shoti inapofunguka, ambao huweza kuua dikoda.

Kichwa kinasita, taa zinapepesa, mlio unaanza upya

Sukuma kichwa kidogo kwa kidole. Kikiondoka, ni mguso. Dikoda ya mlio ndiyo shahidi mzuri hapa: kila inapokosa umeme kwa kitambo hujizima na kuwaka upya, na utausikia mlio wa injini ukianza tangu mwanzo.

Kinasita mahali pamoja kila siku, na vichwa vyote? Ni njia. Weka ile taa ya breki juu ya reli mahali hapo na usome volti, linganisha na karibu na kituo. Tofauti ikizidi volti moja, rudi kwenye nyaya na matawi. Volti zikiwa sawa, ni uchafu. Kinasita kila mahali lakini ni kimoja tu? Ni magurudumu yake au vigusio vinavyochukua umeme nyuma ya magurudumu.

Uchafu mweusi wa relini hautokani na vumbi peke yake. Kila gurudumu linapoachana na reli kuna cheche ndogo, na cheche hizo huchoma chuma, mafuta na vumbi kuwa ule utando mweusi. Futa kwa kitambaa chenye spiriti ya isopropili, umeme ukiwa umezimwa, na usiwashe mpaka imekauka kabisa kwa sababu mvuke wake unashika moto. Msasa usiutumie. Unaacha mikwaruzo, na uchafu unaofuata utajikita humo. Kusafisha magurudumu, laza karatasi laini yenye spiriti kidogo juu ya njia na ukishikilie kichwa magurudumu ya upande mmoja yakiwa juu ya karatasi na ya upande mwingine yakipata umeme, yazunguke mpaka yaache kuchora mistari myeusi. Spiriti iwe kidogo sana, na kazi hii ifanyike penye hewa.

Walioko pwani, Tanga au Mombasa au Zanzibar, watahitaji kufuta mara nyingi zaidi, kwa sababu ya unyevu na chumvi ya hewani. Njia za zamani za chuma cha kawaida zitashika kutu kabisa. Za nikeli hazishiki kutu ya namna hiyo, na kwa hali ya hewa ya pwani sioni sababu ya kununua nyingine.

Kuna kusita kunakotokea kwenye kona tu. Hapo geuza kichwa chali na uchunguze nyaya zinazovuka kutoka sehemu moja kwenda nyingine, kwa mfano kati ya injini ya mvuke na behewa lake la makaa. Waya unaokunjwa kila kona hukatika ndani huku ganda lake likionekana zima. Modeli za Garratt, zenye umbo la zile za daraja la 59 zilizokuwa zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi, zina sehemu tatu zinazopinda na kwa hiyo zina nafasi mbili za waya kukatika. Weka multimita kwenye omu, ncha moja gurudumuni na nyingine kwenye waya wa dikoda, halafu pindisha kichwa kulia na kushoto ukiangalia namba. Waya mwekundu lazima uwe na njia hadi magurudumu ya kulia, mweusi hadi ya kushoto.

Wengi huweka kapasita ya kuhifadhi umeme ndani ya kichwa ili kivuke sehemu mbaya. Ni kifaa kizuri, nami nakipendekeza kwa vichwa vifupi vyenye magurudumu manne. Lakini kiweke baada ya kurekebisha njia, maana kitakuficha kila kasoro ambayo ungepaswa kuiona.

Umeme upo, taa zinawaka, lakini kichwa hakitii

Kichwa kimoja tu kisipotii na vingine vinatembea, jaribu namba 3, ambayo dikoda nyingi hutoka nayo kiwandani na hurudi kwayo zikifutwa. Kama si hiyo, soma CV19. Hapo ndipo huandikwa namba ya msafara pale vichwa viwili vinapofungwa kuvuta pamoja. Ukikitoa kichwa kwenye msafara bila kuufuta kituoni, CV19 hubaki na namba yake, na kichwa hakitatembea kwa namba yake ya kawaida ingawa mara nyingi taa zake zinaweza kutii. Iandike 0.

Kisha CV29. Thamani yake hujumlishwa: 1 hugeuza mbele kuwa nyuma, 2 huchagua hatua 28 au 128 za kasi, 4 huruhusu kutembea kwa umeme wa zamani wa analojia (ambapo volti zenyewe ndizo huamua kasi), 32 huwasha namba ndefu. Hivyo 6 ni kichwa cha namba fupi, 38 ni cha namba ndefu. Ukikipa kichwa namba 4472 na CV29 ikabaki 6, kitaendelea kusikiliza namba yake fupi. Kwa namba ndefu tumia kuanzia 128 kwenda juu. Kati ya 100 na 127 mifumo haikubaliani kama ni fupi au ndefu, nami huziepuka kabisa.

Taa za mbele zikiwaka na kuzimika kadiri unavyoongeza kasi, kituo kimewekwa hatua 14 na dikoda hatua 28, au kinyume chake. Linganisha pande mbili.

Kichwa kikiondoka chenyewe kwa kasi yote, hasa mara tu baada ya shoti, ondoa 4 kwenye CV29: 6 iwe 2, 38 iwe 34. Dikoda ilipokosa amri zinazosomeka ilidhani iko kwenye reli ya analojia, ikatii volti zote ilizozikuta.

Vichwa vingi vikitii kwa bahati bahati, shuku kapasita iliyojificha. Vile vipande vya njia vya kuingizia umeme vya seti za zamani za analojia vina kapasita ndogo ndani, ya kuzuia kelele kwenye redio na televisheni. Kapasita hiyo peke yake kati ya reli mbili hulainisha kingo za mraba za DCC na kuharibu ujumbe. Fungua kifuniko na uikate.

Njia ya kuprogramu, kile kipande cha reli kilichotengwa kwa kusoma na kuandika CV, ikikataa kusoma, kumbuka jibu la dikoda linavyotoka: huivuta mota kidogo, mkondo ukaongezeka kwa miliampea 60 au zaidi kwa milisekunde 6 hivi, na kituo kikauhisi. Mota isiyounganishwa, magurudumu machafu, au kapasita kubwa ya kuhifadhi umeme, yote hulizima jibu hilo. Safisha magurudumu kwanza. Yakishindikana yote, andika 8 kwenye CV8. Dikoda nyingi zitarudi kwenye mipangilio ya kiwandani.

Pointi zinagoma kugeuka

Ikiwa kichwa kimekwama juu ya pointi na kuleta shoti, na dikoda ya pointi inalishwa na reli zile zile, basi huwezi kuigeuza pointi ili kuondoa shoti. Lisha dikoda za pointi kwa waya mkuu wao wenyewe, wenye kikata umeme chake. Mota za sumaku zinazopiga "ta!" zisipofika mwisho, chaji ya kapasita inayozilisha ni ndogo au ulimi wa pointi una kokoto la mapambo.

Dikoda imeungua

Harufu utaitambua. Usiweke mpya kabla ya kujua ya zamani iliuawa na nini. Chomoa dikoda, weka multimita kwenye omu, pima kutoka kila ncha ya mota hadi kila gurudumu. Lazima pasiwe na njia yoyote. Ukipata namba, kishikio cha burashi ya mota kinagusa fremu ya chuma, na umeme wa reli umekuwa ukiingia moja kwa moja kwenye matokeo ya dikoda. Tenganisha kwa tepu ya joto la juu au skrubu ya plastiki, kisha pima tena huku ukizungusha magurudumu kwa mkono mzunguko mzima.

Unapounganisha mpya fuata rangi: nyekundu na nyeusi kwenda kwenye magurudumu, machungwa na kijivu kwenda kwenye mota, nyeupe taa ya mbele, njano ya nyuma, buluu ya pamoja kwa taa zote. Taa ya LED iwe na rizista yake, kiloomu 1 inatosha. Kisha kiweke kichwa kwenye njia ya kuprogramu, ambako mkondo ni mdogo na kosa la waya haliui dikoda, usome CV8. Ukipata namba ya mtengenezaji, mota na dikoda vimeunganishwa sawa, na kichwa kinaweza kwenda kwenye njia kuu.